Kiti cha Amparo na Umeme wa Mtaa Wetu

Sogeeni karibu, wanangu, maana sauti yangu haifiki tena ukutani, na padre ameshanipaka mafuta, kwa hiyo msinibembeleze kwamba nitapona. Baldemar, zima simu. Nelda, acha kulia, utalia kesho, leo nahitaji masikio yako. Nikiwa na akili zangu timamu nasema hivi: nyumba hii ni ya Nelda, gari na kiwanja cha kule mtoni ni vya Baldemar, na kiwanda cha tortilla, chapati zetu za mahindi, ni chenu wote wawili, kinu, tanuri, chumba cha baridi na wateja wake, na anayetaka kuuza sehemu yake amuuzie mwenzake tu. Hayo hayanisumbui. Linalonisumbua ni Ijumaa.

Ijumaa mkataba wa umeme unakwisha, na wewe, Baldemar, unataka kututoa kwenye kikundi cha mtaa kinachonunua umeme pamoja. Nilimsikia yule kijana wa mauzo wa kampuni ya umeme, mwenye buti zinazong'aa, mlikuwa mnaongea chini ya dirisha langu kana kwamba nimeshazikwa. "Mama yako anawabeba watu mgongoni," alisema. "Nyinyi mnasaga usiku, na umeme wa usiku ni bei ya kutupa. Tokeni, mfuate bei ya soko." Hakudanganya, mwanangu. Anaijua kazi yake, na hata nilipenda alivyozungumza. Ila nadhani baridi kubwa ilipopita hapa alikuwa bado shuleni.

Mlikuwa wadogo serikali ilipoamua kwamba hapa Texas kila mwenye duka ajichagulie kampuni ya kumuuzia umeme. Laredo nzima ilichanganyikiwa. Baba yenu, Mungu amrehemu, alichagua kampuni mpya kisha akatoa kiti barabarani akingoja mafundi walete nguzo na waya wake, akawa anawafukuza watoto wasicheze pale patakapochimbwa. Evaristo wa kiwanda cha barafu ndiye aliyemwendea. "Leocadio, ingia ndani, jua litakuua," alimwambia. "Waya ni uleule wa wote. Kinachobadilika ni unamlipa nani, na kwa masharti gani." Mtaa mzima ulicheka, mimi nikiwamo. Evaristo peke yake hakucheka.

Evaristo! Mnajua nilivyolichukia jina hilo. Alimchumbia dada yangu Amparo, gauni likashonwa, keki ikaagizwa, na asubuhi ya harusi bwana harusi yuko Monterrey, ng'ambo ya mpaka. Amparo amekufa hajaolewa, na kiti chake hicho hapo dirishani hakijakaliwa na mtu. Katika mapenzi mtu yule simwachii hata paka. Lakini katika umeme, wanangu, sijaona wa kufanana naye, na sitaki kufa bila kulisema.

Aliona tusichokiona. Sisi tunasaga usiku mpaka alfajiri, dobi anafua asubuhi, mashine za barafu zinahangaika jua likiwa utosini, ukumbi wa dansi unawaka jioni. Kila mmoja wetu peke yake ni mteja msumbufu, lakini tukiungana matumizi yetu ni yaleyale kutwa kucha, na mteja wa namna hiyo kampuni zinamgombania. Basi akatukusanya. Tangu hapo kampuni zinaleta bei zao siku moja, zinasomwa kwa sauti mbele ya wote, na jioni haiingii hatujaamua, kwa sababu kesho yake bei ile haipo tena. Na anayeulizwa kwanza ni yule anayepata faida ndogo kuliko wote katika kikundi, yaani mimi ninayesaga usiku. Fikirini, mwanamke asiyemsalimia! Nilikaa nimempa mgongo, naye ananiuliza kwa upole, "Bibi Herlinda, wewe unaonaje?" Nami jibu nampa dobi, si yeye.

Ukaja mwaka ambao mtaa mzima ulitaka bei ya soko, ile inayopanda na kushuka kila saa, maana wakati huo ilikuwa chini sana. Yeye peke yake akakataa. Akapita duka kwa duka, akafika hata mlangoni petu, akasimama nje, maana alijua ndani haingii. "Bibi Herlinda, nichukie, haki yako. Lakini chagua bei isiyopanda. Mimi nauza barafu, baridi naijua." Tukamkubalia shingo upande. Ndipo ikaja ile Februari ya baridi kubwa, maji yakaganda, mabomba yakapasuka, mji ukawa giza, na kila umeme uliporudi kidogo bei ya soko ilikuwa imepaa mpaka watu wakadhani kompyuta zimeharibika. Ubaldo wa mikate, mtaa wa pili, alikuwa kwenye bei ya soko. Mmekua mkila mikate yake. Leo pale pana duka la matairi. Sisi tulilipa kama mwezi mwingine wowote, tukasaga, tukawagawia tortilla za moto watu waliolala ndani ya magari yao. Nilijivunia mtaa huu, na nilimheshimu mtu niliyemchukia, na iliniuma kweli.

Ukitutoa sasa, Baldemar, utapata nafuu kidogo, na wenzetu watabaki na umeme wa mchana wa joto, ambao ndio ghali. Na baridi ikirudi, nani atakuja kusimama mlangoni kwako kukuonya?

Nipe maji... Basi, yanatosha.

Nani anakohoa pale getini? Kikohozi hicho nakijua. Yuko pale tangu asubuhi? Juani? Mwambie aingie. Ndiyo, humu ndani.

Evaristo. Umezeeka vibaya. Usinijibu, sina pumzi ya kubishana. Huyu ni mwanangu mkubwa. Ijumaa atakaa mahali pangu. Muulize yeye kwanza, kama ulivyokuwa ukiniuliza. Baldemar, utakwenda? Sema kwa mdomo, macho yangu hayakuoni ukitikisa kichwa... Haya. Nimesikia, umesema ndiyo.

Nizikeni karibu na Leocadio. Siku hiyo kiwanda msikifunge, watu wapate kula kwanza. Nelda, inama nikuwekee msalaba kwenye paji la uso. Nawe, Baldemar. Mungu awape mikono yenye baraka, awape usingizi mzuri, asiwatenganishe... asiwa... Nimechoka.

Evaristo, mbona bado umesimama? Vuta kiti. Hicho cha dirishani... Ndiyo, hicho cha Amparo. Kaa.