Nyumba ya Mlimani Haina Zamu

Kaeni. Wewe, kaka mtu, kaa kwenye kiti cha mama yenu, na wewe, mama, binti yangu, acha kusimama mlangoni kama mgeni. Ingia, funga huo mlango, ukungu unaingia. Nimewaita wote wawili siku moja, jambo ambalo halijatokea katika nyumba hii tangu tulipomzika mama yenu. Daktari amesema nisizungumze sana, lakini daktari hajui ni mangapi niliyoyanyamazia. Nitasema taratibu. Nikinyamaza katikati msidhani nimemaliza, nisubirini, na asinikatize mtu, maana pumzi niliyobaki nayo inatosha kusema mara moja tu.

Nimechoka, wanangu. Sisemi uchovu wa maradhi, huo nimeshauzoea na tunasalimiana kila asubuhi. Nimechoka na zamu. Mnajua kazi yangu ilikuwa ipi: miaka yote ile nilikaa kwenye kile kibanda cha vioo katika stendi ya mabasi, nikipanga dereva gani atoke na gari lipi, nani apumzike na nani amshikie mwenzake aliyeumwa, hata madereva wakaniita Bwana Saa, wengine kwa heshima, wengine kwa kunisengenya. Nilipostaafu nikadhani nimeachana na zamu, kumbe zilinitangulia nyumbani. Wikendi hii anapanda mlima kaka mtu kuja kunitazama, wikendi ijayo dada mtu, na mmoja akikosea akafika siku ya mwenzake, hugeuza gari hapo getini hata chai hanywi. Mna baba mmoja, na mmemgawana kama gari la kampuni. Wajukuu zangu wanajuana kwa picha zilizopo ukutani hapo, na yule mdogo aliniuliza juzi kama shangazi yake yuko nchi ya mbali.

Kabla ya mali, basi, nitawaambia habari ya udongo, kwa sababu ugomvi wenu ulitoka humo na humo ndimo nitakapoutafuta.

Tulianza kupanda huku mimi na mama yenu kwa ajili ya presha yangu. Daktari wa kampuni alinipima akasema, Bwana Saa, ukiendelea hivi utakufa na ratiba mkononi, tafuta mahali pasipo na honi uende kila Jumamosi. Mama yenu, ambaye alikuwa mwalimu wa hesabu na hakujua kukaa bure, akasikia kuna mwanamke huku mlimani anafundisha watu wa mjini kufinyanga. Nilicheka. Nikamwambia, mtu mzima na akili zake atoke mjini, apande mlima wote huu, aje kuchezea matope? Akanijibu kwamba wapo watu wazima wanaochezea umri wao na hakuna anayewacheka. Tukapanda.

Mwalimu wetu wa udongo alikuwa mama mmoja mpole, asiyesifia ovyo. Wanafunzi wake walikuwa mchanganyiko: mwanasheria, muuza dawa, bibi harusi aliyeachwa, na mume na mke waliokuja huku wapatane, wakaishia kugombea gurudumu la kufinyangia. Siku ya kwanza alitukandisha udongo kutwa nzima ili tuutoe hewa, kwa maana kiputo kidogo kikibaki ndani hupasua chombo motoni. Mama yenu alishika mara moja. Mimi, niseme kweli, sijaweza mpaka leo. Bakuli zangu zote zimeegemea upande, vikombe vyangu vinavuja, na lile birika mnalolijua halijawahi kumimina chai kikombeni, humimina mezani. Mwalimu aliligeuza geuza akasema, baba, hili birika lina nia njema. Nilifurahi wiki nzima. Mfinyanzi hulia gaeni, walisema wahenga, na sisi tulikula kwenye bakuli zangu miaka yote, kwa sababu nzuri za mama yenu zilichukuliwa na wageni.

Nawausia hili, wote wawili, tena wewe kaka mtu zaidi: mtafute kitu kimoja mnachokipenda na msichokiweza. Kazini nilikuwa najua, nyumbani nilikuwa baba, kila mahali ni mimi niliyeulizwa. Huku tu ndiko nilikokaa chini nikafundishwa, nikakosea na hakuna basi lililochelewa. Mtu asiye na mahali pa kukosea kwa amani huzeeka vibaya, huwa mkali kwa watoto na kwa watumishi, na mwisho hata chakula humkosea.

Tulipostaafu tukanunua nyumba hii, bati lake likivuja, tukajenga banda na tanuri, mama yenu naye akaanza kufundisha wageni wa wikendi. Jirani wa upande wa chini alinitukana kwa ajili ya moshi wangu, nami nikamtukana kwa ajili ya ng'ombe wake, tukanuniana. Ile ngazi iliyoegemezwa nyuma ya banda ni yake. Niliiazima siku tunasalimiana, na baada ya hapo nikashindwa kuirudisha, maana kurudisha ni lazima upige hodi. Mpelekeeni, mmwambie mzee amesema alikuwa na kiburi, na kwamba wewe jirani pia ulikuwa nacho. Atacheka. Si mtu mbaya.

Nipeni maji. Kidogo tu. Inatosha.

Sasa wewe, mama. Wewe ndiye uliyerithi mkono wa mama yako. Uliacha kazi ya mjini ukaja kulala bandani na magunia ya udongo, na kaka yako akasema mbele ya watu kwamba umeshikwa na wazimu wa wikendi ukaufanya wa wiki nzima. Alikosea, nikamkemea, akakuomba radhi na mkacheka. Hilo si neno. Kilichowatenga ni ile Jumapili ya tanuri.

Ulikuwa umefinyanga mitungi yako mikubwa ya kwanza, ile yenye shingo ndefu, ya kupeleka kwenye maonyesho. Kazi ya msimu mzima ilikuwa ndani. Ulichoma kutwa na kucha, ukaziba mlango wa tanuri kwa matofali na udongo, ukatuachia amri moja, kwamba asifungue mtu mpaka Jumanne, lipoe lenyewe. Unajua wewe na mama yako mlivyokuwa mnawaambia wageni wa wikendi wanaotaka kurudi mjini na vikombe vyao siku hiyo hiyo: tanuri halijui kama kesho ni Jumatatu. Kisha ukashuka mjini kumtafutia mama yako kitanda hospitali, kwa sababu maradhi yake yalikuwa yamezidi. Uliporudi kumchukua ulikuta matofali yako chini, mitungi yote imepasuka, na kaka yako amesimama pale na masizi mpaka viwikoni. Ukamwuliza kwa nini. Akajibu kwamba alitaka kuona, na alikuwa na haraka ya kurudi kazini. Ulimwambia maneno ambayo sitayarudia. Hata makaburini, mama yako hajafukiwa sawasawa, ulimwambia haraka haraka haina baraka, na watu wakasikia, naye akainamisha kichwa, nawe baada ya matanga ukahama banda ukarudi kukaa mjini.

Kaka mtu, usinitazame hivyo. Najua ulichoahidi na najua nilichoapa. Niliapa kunyamaza mpaka siku yangu, na siku yangu ndiyo hii, kwa hiyo kiapo kimetimia, sikukivunja. Kaa chini. Nimesema kaa.

Mama, si kaka yako aliyetaka lile tanuri lifunguliwe. Ni mama yako.

Aliamka asubuhi ile akiwa anajua. Akasema, nikishuka mlima huu leo sipandi tena, na Jumanne mwanangu atafungua kazi yake mimi sipo. Nilimsihi. Kaka yako naye alimsihi, akamwambia, Mama, vitapasuka, wewe unajua kuliko sisi. Akasema ndiyo, najua. Yeye aliyewafundisha watu wote hao kusubiri, safari hii hakuwa na siku za kusubiria. Kaka yako alilia, mtu mzima yule, kisha akambeba mgongoni, akampeleka bandani, akamkalisha kwenye kigoda na blanketi, akaanza kutoa tofali moja moja.

Akaiona, mwanangu. Mitungi yako ilikuwa mizima. Ilikuwa imesimama humo ndani, shingo zake bado nyekundu kwa moto, yote wima, hakuna uliopinda hata mmoja, na mama yako akanishika mkono akasema, amenipita, huyu mtoto amenipita. Alisema hivyo mara mbili. Sikuwa nimemwona na furaha ile tangu siku aliyokuzaa. Halafu ubaridi ukaingia, tukasikia mlio wa kwanza, mdogo, kama kijiko kikigonga glasi, na mwingine, na mwingine, mpaka wa mwisho. Mama yako alifumba macho akasikiliza yote.

Akatuapisha pale pale. Alisema, yule yuko mjini anahangaikia kitanda kwa sababu anaamini nitapona, akijua nimefungua tanuri atajua nimekwisha kuaga, na hatakuwa na nguvu za kunisindikiza. Kaka yako akasema, basi semeni ni mimi. Hakulazimishwa. Alidhani utakasirika mwezi mmoja, kama mlivyozoea. Mama yako alipofariki nilimwambia, sasa mweleze mwenzako, akakataa. Akasema, Baba, akijua leo atamkasirikia Mama, na Mama hawezi kujitetea, mimi naweza. Nami nikamwapia kunyamaza mpaka siku yangu. Na kujitetea kwenyewe hakujitetea hata siku moja. Amekaa miaka yote hii akiitwa mtu asiye na subira, na kila wikendi yake alipokuja hapa alikuwa anapita bandani kwanza, anasimama, kisha anaingia kunisalimu.

Lia, mama, sikukatazi. Mkasirikie mama yako ukitaka, ana kifua cha kubeba. Mkasirikie na mimi, ila uwahi.

Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Nimelima. Nimelima mpaka mgongo umekatika, na kapu liko tupu. Walisema pia udongo uwahi ungali maji. Ninyi mmekaukiana, lakini hamjaingia motoni, na udongo uliokauka ambao haujachomwa huvunjwa, ukalowekwa, ukakandwa upya, hata mtoto wa darasa la wikendi anajua. Itawachukua muda. Msitake mpatane kabla ya kushuka mlima kesho, mtadanganyana.

Mali. Haya, mali. Nyumba ya mjini ni ya kaka mtu, ana watoto na shule iko karibu. Banda, gurudumu, tanuri na zana zote ni za dada mtu, kazipata kwa jasho lake. Bakuli zangu zilizopinda mpeni jirani pamoja na ngazi, ana kuku. Koti langu la kazi lichomeni, halina adabu tena. Nyumba hii ya mlimani simpi mmoja wenu wala siigawi. Ni yenu wawili, na vyumba vyake vyote, wala haiuzwi maadamu mmoja wenu yu hai. Watu wa ile hoteli ya juu watakuja na maneno matamu kabla matanga hayajaisha. Wapeni chai, wakatalieni.

Na sharti ni moja. Zamu zimekwisha. Mkija huku, mnakuja pamoja, na watoto. Mkitaka kugombana, gombaneni hapa ndani, mezani, mkitazamana, mkimaliza mtu aoshe vyombo. Sitaki tena kusikia gari likigeuzwa getini. Nilikuwa nalala hapa nikiusikia ule mlio wa changarawe, nikijua mwanangu amefika na mwanangu ameondoka, na sikuwa na nguvu ya kufika dirishani.

Nizikeni kando ya mama yenu. Hotuba ziwe fupi. Mtu wa stendi akitaka kusema, asiseme nilikuwa hodari, wote wanajua, aseme nilifinyanga. Watacheka, waacheni wacheke.

Ngojeni. Pumzi... ngojeni kidogo.

Mungu awape afya. Awape riziki isiyowanyima usingizi. Awape... uzee wa kuonana, mgombane mkiwa na mvi. Watoto wenu wawe na midomo ya kuwasimanga na miguu ya kuwatafuta. Mama yenu amewasamehe. Mimi pia, yote, hata nisiyoyajua.

Ubavu huu unauma. Nigeuzeni. Hapana, wewe peke yako hutaweza... hata muuguzi alishindwa jana. Mmoja bega, mmoja kiuno. Msivute. Mmoja akivuta, mwingine amsubiri... Sasa, pamoja. Taratibu. Hapo. Hapo hapo.

Msiachie bado.

Mkono huu wa nani? Na huu... mwingine?

Msiniambie. Iacheni hivyo hivyo.