Senga Lawrie na Benchi la Jumanne

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi katika Bwawa la Kuogelea la Kilbreck, Bi. Senga Lawrie anastaafu rasmi Ijumaa, tarehe 27 Machi 2026. Mimi nimekuwa dirishani nikikata tiketi muda wote huo, naye ukingoni mwa maji na filimbi yake, kwa hiyo uongozi ukaniangushia mimi kazi ya kumwandika katika jarida hili, wafanyakazi na waogeleaji wetu wasome. Mwenyewe alinionya mapema: "Nettie, usije ukanifanya malaika. Watu wa hapa wananijua."

Haya, si malaika. Diwani alipokuja kuzindua ukarabati na viatu vyake vya kung'aa, Senga alimzuia mlangoni, akamwamuru avue mpaka soksi, na hotuba ikasomwa kwa miguu mitupu. Boila la kupashia maji joto lilipotufia katikati ya Januari na kina mama wakawa wanasitasita kwenye ngazi, aliwapigia kelele: "Ingieni bwana! Maji haya yana joto kuliko waume zenu!" Wakaingia huku wanacheka na kutukana baridi.

Alianza kwa kudeki. Kuogelea alijifunza akiwa mtu mzima, jioni baada ya zamu, na baadaye akawa mwalimu na mkuu wa waokoaji. Nusu ya mji huu imejifunza kuelea mikononi mwake, na nusu nyingine imepigiwa filimbi.

Lakini kazi aliyoipenda kuliko zote ni saa ya wanawake, Jumanne asubuhi. Aliipigania mwenyewe. Mapazia yanashushwa, wafanyakazi wanaume wote wanapumzishwa, wanaingia bibi vizee, kina mama wa msikitini, waliokatwa titi, na wale ambao hawataki kuonwa na mwanamume yeyote kwa sababu wanazozijua wao. Wakitoka majini meno yanagongana, wanajipanga kwenye benchi nyuma ya boila, wamejifunga mataulo, na Senga anagawa kile kitafunio cha kutuliza meno ambacho sisi wa huku tumelishwa tangu utotoni: mkate na jamu, chai ya moto. Hakuna aliyeruhusiwa kuondoka bila kula.

Kwenye benchi hilo alikaa Lorna Petrie kwa miaka mingi. Lorna alizaliwa mwanamume, akaishi kama mwanamke, na vyeti vyake vikabadilishwa kisheria. Senga ndiye aliyemfundisha kuogelea, na Lorna ndiye aliyekuwa akimsuta mbele ya watu: "Jamu gani hii, Senga, umeipaka au umeionyesha tu?" Tulicheka sana enzi hizo. Nikikumbuka kicheko kile naumia.

Na kulikuwa na Ishbel Mair. Ishbel aliwahi kuumizwa vibaya na mwanamume, akaacha kila kitu isipokuwa Jumanne. Siku moja akaiacha na Jumanne. Senga alimfuata, akaambiwa ukweli: kule kwenye chumba cha kubadilishia nguo, mwili wake unaganda akimwona Lorna, na hawezi kuuamrisha. Hakumsema Lorna kwa ubaya hata kidogo.

Hapo Senga akafanya kosa ambalo ni yeye tu angelifanya. Aliamini hakuna jambo lisiloisha kwenye benchi lake. Akawaita wote wawili, akawakalisha pamoja, akakata mkate.

Ishbel akasema, "Sikuja kula, Senga. Nilikuwa na mahali pamoja tu duniani ambapo sihitaji kujieleza."

Lorna akaweka kikombe chini. "Na mimi nilikuwa napo hapa hapa."

Mkate ulibaki. Senga alilia kwenye stoo ya mataulo, nami nilikuwepo.

Kisha mahakama ya juu ya nchi ikaamua kwamba katika sheria ya usawa, mwanamke ni yule aliyezaliwa mwanamke. Halmashauri yetu ikabadilisha kanuni. Lorna angeogelea saa za watu wote, na angepewa chumba chake peke yake mwisho wa korido. Meneja alitaka kumpigia simu. Senga akakataa katakata, akaenda mwenyewe mpaka kwake. Lorna alimsikiliza, akamkaribisha kiti, akasema: "Maji ni yale yale, najua. Lakini chai nitakunywa na nani?" Hajarudi tena.

Ishbel amerudi. Nilifurahi kumwona akipiga mbizi, na nasema hivyo bila kuficha. Namkosa Lorna, na hilo nalo sifichi. Kuna Jumanne Ishbel alimkuta Senga ameduwaa mbele ya benchi, akamwambia, "Usinitazame hivyo. Sikumfukuza mtu."

"Najua, mama. Nimemkumbuka tu."

Ishbel akalikaza taulo lake. "Hata mimi huwa namkumbuka akikuchamba," akasema.

Kwa sherehe ya kumuaga Ijumaa, Senga hataki saa ya ukutani wala maua. Anataka wanawake wa Jumanne wote, waliopo na waliotoka, wakae chumba kimoja mara moja tu. Nimewaalika wote wawili. Ishbel amesema atafikiria. Lorna amesema atafikiria. Nikamwambia Senga huenda wasije, tuendelee tu na ratiba.

"Keki ikatwe wakishafika."

"Na wasipofika je?"

"Basi hatukati."

Bi. Senga, asante kwa kila mtu uliyemshika asizame. Bwawa zima linakuombea afya, usingizi wa kutosha na asubuhi zisizo na harufu ya klorini. Ukumbi utakuwa wazi kuanzia saa nane mchana. Ishbel, Lorna, kama mnasoma haya mkiwa nyumbani, vaeni makoti mje.