Darasa la Kupumua

Macho hayana pazia, na masikio ya Casimira, mwuza mikate, hayana hata mlango. Alikuwa ameketi ndani ya gari la waya lining'inialo angani, lipandalo kutoka mjini hadi El Alto, mji wa juu mlimani, kikapu cha mikate magotini, wauguzi wawili walipoingia wakibishana.

"Leo wametuletea mtaalamu wa kutufundisha kupumua," Zulma, yule kijana, alisema akicheka. "Eti ndiyo dawa ya msongo."

"Kwani miaka yote hii tulikuwa tunafanya nini?" akauliza Hilaria, mwenye mvi.

"Usidharau, dada. Yule mgonjwa wetu, babu wa kitanda cha dirishani, alipokata roho, nilivuta pumzi nikaendelea na kazi."

"Ukaendelea, ndiyo. Na mikono mbona inatetemeka?"

"Baridi!"

"Haya, baridi. Kula mkate."

Casimira alikuwa ameshautoa kabla hajaombwa. Wakabishana mpaka juu, Zulma akitetea pumzi, Hilaria akitetea umbea, mkate na mtu wa kukaa naye. Waliposhuka, Zulma alikuwa anacheka mdomo umejaa, na mikono imetulia.

"Kwani wewe unakaa upande gani huku juu, dada?" Zulma akauliza.

"Kule kule chini, nyuma ya hospitali," alijibu Hilaria, akaenda kupanga foleni ya kurudi chini.