Flaiwili Mbili za Mzee Ndalahwa

Baada ya miaka thelathini na miwili ya kazi, mingi yake kwenye mashine ya kukereza vyuma, Mzee Pius Ndalahwa alistaafu rasmi Ijumaa ya tarehe 27 Juni 2025. Karakana yetu ya Jiwe Kuu, hapa Mabatini, haijawahi kuwa na mtu mwenye maswali mengi namna ile. Mimi niliyekaa mapokezi, meza yangu ikitazamana na mashine yake, nasema hivyo kwa upendo na kwa uchovu.

Aliajiriwa mwaka 1993 kufagia machicha ya chuma. Inasemekana alimuuliza fundi mkuu wa wakati ule maswali mengi hadi yule bwana akaona heri amfundishe kukereza, angalau naye apumue. Haikusaidia. Mtu akifundishwa mashine ndiyo kwanza anapata mambo ya kuuliza.

Wateja wake wanalijua swali lake kubwa. Hakugusa chuma cha mtu kabla ya kuuliza gari litapanda wapi na litaendeshwa na nani. Wapo waliokasirika, maana mtu amekuja na haraka zake, anaulizwa habari za kilima cha nyumbani kwake na za shemeji yake. Mzee alikuwa anasubiri jibu, mikono nyuma, anatabasamu.

Swali hilo lilikuwa na maana zaidi kwenye flaiwili. Kwa wasiofanya kazi kule nyuma: flaiwili ni sahani nzito ya chuma inayozunguka pamoja na injini, na klachi hukamata hapo. Ikiwa nyepesi, injini hupanda kasi upesi na kushuka upesi, raha tupu kwa mwenye haraka. Ikiwa nzito kama ilivyotoka kiwandani, injini huchelewa kidogo, lakini haizimiki ovyo ukiondoka kwenye mlima au na mzigo. Mzee alitufundisha kwa baiskeli iliyobeba gunia la mahindi: kuianzisha ni kazi, ila ikishaanza kwenda haisimamishwi na kijiwe.

Dada Jinal, ambaye familia yake ina duka la vitambaa mjini, alikuja akitaka flaiwili nyepesi kwa gari lake la mashindano. Akaulizwa maswali yote, akajibu, akapata. Baadaye akaleta gari la mama yake, Maniben, litengenezwe vilevile. Mzee aliposikia kwamba mama huyo hupanda nalo kilima cha Bugando kila wiki kwenda kliniki, alikataa katakata. Jinal alinuna, weee! Kisha siku moja akaliendesha mwenyewe gari la mama kwenye foleni ya kilima kile, likaondoka bila kuzimika, akarudi na sahani ya jalebi tamu za kutosha karakana nzima.

Sasa, Mzee huyohuyo alikuwa na pikapu yake nyeupe. Alikuwa ameivua flaiwili ya kiwandani, akaweka nyepesi aliyoikereza kwa mikono yake mwenyewe. Aliipenda flaiwili ile jamani! Asubuhi akifika alikuwa anakanyaga mafuta mara moja pale getini, injini inaruka, naye anatutazama kama tumesikia. Tumesikia, Mzee. Majirani nao wamesikia.

Mwaka jana macho yakaanza kumsumbua, na daktari akamwambia aache kuendesha. Hilo lilimuumiza kuliko alivyokubali kusema. Yeye na mkewe, Mama Rebeka, wamejenga Bujora, juu kabisa, njia yote mawe. Bila dereva ndani ya nyumba, kustaafu kwake kungekuwa kukaa barazani akisubiri mpwa apate nafasi. Mama Rebeka akajiandikisha shule ya udereva, akafaulu, akapata leseni. Tulimpigia vigelegele hapahapa mapokezi.

Kisha akapanda pikapu ya nyumbani. Kila kwenye mwinuko, ikazimika. Mafundi wote wakatoa hukumu: mguu wa Mama una haraka na klachi. Mzee naye akamfundisha mguu Jumamosi baada ya Jumamosi, anamuuliza kwa nini hivi, kwa nini vile. Siku moja ikazimika katikati ya kilima, magari yanapiga honi nyuma, na Mama Rebeka akashuka akilia, akasema basi, gari halimtaki.

Jumatatu yake alimletea Mzee chakula cha mchana, akasimama mbele ya mashine sisi sote tukisikia. Akasema gari la shule halikumzimikia hata mara moja. Halafu akamuuliza mumewe, kwa upole kabisa, pikapu ile aliitengeneza ipande wapi, na iendeshwe na nani.

Mzee Ndalahwa aliweka kijiko chini. Alikuna kichwa, akacheka, kisha machozi yakamlengalenga. Mchana huohuo aliitoa flaiwili ya kiwandani chini ya benchi, akaifuta vumbi, akaikereza uso kidogo ili klachi ikamate vizuri. Ndiyo ilikuwa kazi yake ya mwisho kwenye mashine ile.

Ijumaa, baada ya keki na picha, Mama Rebeka alishika usukani. Mlima wa kutoka getini kwetu mnaujua. Katikati yake bodaboda ikakatiza, akalazimika kusimama. Tuliacha hata kupunga mikono. Pikapu ikanguruma taratibu, ikaondoka kama haijaona kilima, ikaingia barabarani. Mzee alikuwa kiti cha abiria, mikono juu ya magoti, na hakuuliza kitu.

Flaiwili nyepesi ameiacha juu ya mashine, ameipaka grisi isishike kutu. Hakuna aliyethubutu kuisogeza.

Mzee wetu, asante kwa chuma chote kilichopita mikononi mwako na kwa kutuzoesha kuuliza. Mama Rebeka, asante kwa kuuliza lile lililotushinda sisi. Mungu awape afya na miaka mirefu Bujora, mshuke na kupanda salama. Swali likikubana, Mzee, namba ya mapokezi unayo.

Hellen Shigela, Mapokezi