Batu ba Kuazima ao Batu ba Kwetu

Benchi yetu imeegemea ukuta wa duka la dawa lililofungwa, kwenye mteremko wa kushuka kutoka soko la Kadutu, pale ambapo pikipiki hupunguza mwendo kwa sababu ya matope. Maman Domitille anauzia kahawa hapo. Siku ile mvua ilikuwa imekatika, na sote tulikuwa tumechoshwa na wiki: mimi fundi wa redio, Papa Constantin, tunayemwita Provisoire kwa sababu amezeekea kwenye kazi za muda, na Gérard, tunayemwita Ministre kwa sababu ana koti na ana jibu la kila kitu. Ndipo akashuka Bulonza, mkuu wa wafanyakazi kwenye kiwanda cha sabuni. Akaketi bila kutusalimu.

— Papa Bulonza, leo hata jambo hapana? Domitille akamuuliza.

— Jambo, maman. Unipatie ya moto. Kichwa inaniuma.

Alipokunywa kidogo akatueleza. Kiwanda kimepata komande kubwa ya sabuni, kinataka watu haraka, na patron, mwenye kiwanda, amemwambia achague njia kabla ya kesho asubuhi. Njia ya kwanza ni agence inayoazimisha watu. Wanakuja, wanafanya kazi, lakini mkataba wao unabaki kwa agence, na komande ikiisha wanarudishwa. Njia ya pili ni bureau inayotafuta watu tu. Inawachuja, inakuletea wale wanaofaa, halafu inajitoa. Kuanzia hapo ni watu wako, na mzigo wao ni wako.

— Ile iko rahisi, Ministre akasema. Azima! Muntu wa kuazima iko kama kiti ya harusi. Fête ikiisha, mwenyewe anakuja kubeba.

— Mimi nilikuwa ile kiti, Provisoire akasema.

Hakupandisha sauti. Akazungusha kikombe mkononi.

— Agence iliniweka mu dépôt moja ya mizigo, miaka na miaka. Noeli moja patron akaleta mupiga-picha. Sisi ba agence bakatuambia tujitenge kidogo. Tukajitenga. Kidogo tena. Ile picha bakaitundika mu bureau ya patron. Nilienda kuiangalia. Mimi, kinaonekana kiwiko tu.

— Pole, papa, nikasema.

— Kiwiko iko yangu. Ninaijua.

Ministre akakohoa, akageuza upande.

— Basi ba bureau! Lakini nabo beko hatari, munisikilize. Ukisha kumuandika muntu, leo anaoa, kesho shangazi yake amekufa, mwezi wa kuja ile shangazi anakufa tena. Miye naona siku inakuja hata patron ataazimwa. Asubuhi anatoka ku agence, mangaribi banamurudisha. Hata bwana mu nyumba!

— Wangu bangeisha kumurudisha zamani, Domitille akasema.

Tulicheka, kicheko cha watu waliochoka. Bulonza hakucheka.

— Ezéchiel aliungulia kwangu, akasema.

 Hatukuwa tumewahi kulisikia jina lile.

— Kijana wa Walungu. Agence ilimuleta mwaka jana. Soda ya sabuni, ile dawa kali inaunguza, ilimurukia mikono yote mbili, mpaka mu shingo. Mimi njo nilimubeba ku hôpital, ku pikipiki ya motari. Alikuwa ananiomba musamaha juu ya kuchafula shati yangu. Nikaita patron, akasema: huyo haiko mutu wetu. Nikaita agence, bakasema: aliungulia kwenu. Kila mutu alikuwa na haki mu kinywa yake. Mama yake akatoka Walungu, akaketi chini ku mulango ya salle ya bagonjwa, akaniuliza kama mimi ni wa agence ao wa kiwanda. Nikamwambia niko rafiki ya Ezéchiel. Na jina yake nilikuwa nimeijua ile asubuhi tu.

— Na sasa iko wapi? Domitille akauliza.

— Kwao. Vidole havikunjike tena.

— Basi unangoja nini, papa? Andika batu bako mwenyewe.

— Maman, niliisha kufanya vile. Sabuni ikakosa soko, patron akanituma mimi nibaambie barudi kwabo. Mumoja tunasali naye parokia moja. Mpaka leo, tukipeana amani mu misa, ananipa mukono na macho iko kwingine. Ba agence, sibafukuze mimi. Banaondoka tu. Naweza kulala.

— Unalala? Provisoire akamuuliza.

— Hapana.

Pikipiki ikapita, ikatunyunyizia matope, wala hakuna aliyemtukana dereva. Bulonza akafuta matope kwenye suruali yake. Halafu akasema kama anayejisemea:

— Bale ba kugusa soda, nibaandike. Bakuwe betu kabisa. Bale ba kubeba makarto ya sabuni, niazime.

— Voilà! Ministre akajipiga kofi gotini. Katikati!

Hata Provisoire akatikisa kichwa kukubali. Bulonza akampigia patron simu palepale. Tulisikia sauti ya patron ikinung'unika, ikipanda, halafu ikichoka nayo. Alikubali. Bulonza akarudisha simu mfukoni, na kwa mara ya kwanza jioni ile akaegemeza mgongo ukutani.

Wakati huo mwanamke mmoja alikuwa amesimama kando na mwavuli wake, akingoja tumalize. Alisema anaitwa Elodie, amekimbia vita Kalehe, na anatafuta ile agence inayopeleka watu kwenye kiwanda cha sabuni.

— Bamefunga, maman, Bulonza akamwambia kwa upole. Lakini urudi kesho. Batakuwa banatafuta batu ba kubeba makarto. Kazi haiko hatari.

— Aksanti, papa. Nitakuwa wa agence?

— Ndiyo. Ba agence.

Elodie akafikiri. Hakuwa na hasira wala ujanja usoni. Alitaka tu kujua.

— Niko na batoto, na tuko bageni hapa. Kama makarto ikiniangukia, nani atakuja ku nyumba kubaambia?

Tulimwangalia Bulonza. Bulonza alimwangalia Ministre, na Ministre alikuwa akifunga vifungo vya koti lake. Provisoire alitazama chini, kwenye matope. 

Elodie akabana mwavuli wake kwapani. Akasema atarudi kesho hata hivyo, kwa sababu hana pengine pa kwenda, akaanza kupanda mteremko taratibu, akichagua mahali pakavu pa kukanyaga.

Bulonza akatoa simu mfukoni tena. Kabla hajampigia patron, akasimama na kumwita:

— Maman Elodie! Unakaa wapi?