Bi Tope na Kinamasi Kilichokaushwa

Ndugu, jamaa, majirani na wote mlioacha shughuli zenu kuja kumsindikiza mpendwa wetu, familia imemtuma binti wa pekee wa marehemu awasomee maisha ya mama yake, na kwa kuwa kikao cha jana kilimsihi asome kwa ufupi na asiguse habari za mfereji, binti huyo anaomba radhi mapema, maana maisha ya mama yake ukiyaondolea mfereji hayabaki ya kujaza hata ukurasa.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1955, mtoto wa pili, katika nyumba ya mwisho ya barabara ya kinamasini, ile yenye baraza ya saruji, siku ya mvua kubwa ambayo mkunga alifika amebeba viatu mkononi. Wakati huo kinamasi kilianzia nyuma ya jiko, na mtoto alijifunza kutembea juu ya ardhi inayobonyea na kuinuka kama godoro, akawa anarudishwa ndani mweusi hadi kiunoni, ndipo majirani wakampachika jina la Bi Tope, jina ambalo ukubwani alilitumia mwenyewe hata akipokea simu za ofisini.

Alianza shule ya msingi Januari 1962, akaingia sekondari mwaka 1969, na chuo kikuu alisomea elimu ya mimea hadi alipohitimu Novemba 1978. Mwaka uliofuata mama yake mzazi alifariki, akiwa ameomba azikwe kando ya kinamasi, kaburi likachimbwa jioni, na asubuhi likakutwa limejaa maji pomoni na chura anaogelea ndani, ikabidi bibi azikwe kilimani, na marehemu kila alipokisimulia kisa hicho alicheka huku anafuta machozi, akisema kinamasi chenye afya hakikubali kaburi.

Tarehe 2 Mei 1980 aliajiriwa katika idara ya mazingira, akapewa chumba cha mwisho kwenye korido, jirani na stoo ya mafagio, chenye dirisha lisilofunga, na humo alifanya kazi miaka yote akieleza jambo lile lile kwa yeyote aliyekaa kumsikiliza, kwamba udongo mweusi wa kinamasi, yaani mboji, ni mimea iliyokufa ikafunikwa na maji isioze, ikajilaza mwaka hata mwaka kwa unene wa ukucha, kwamba mboji hiyo hunywa mvua ya masika na kuitoa polepole kiangazi ndiyo maana visima vyetu havikukauka, na kwamba ndani yake waliishi mmea unaonasa inzi, korongo waliotaga kwenye mafunjo, na chura mdogo mwenye tumbo jekundu ambaye yeye hakumwona mahali pengine popote alipowahi kutafuta. Mwaka 1984 alipigilia chuma kirefu kikapenya mboji yote hadi kwenye udongo mgumu wa chini, kichwa chake kikawa sawa na ardhi, nasi watoto wa mtaa tuliokuja baadaye tulijikwaa hapo na kulaani.

Alifunga ndoa tarehe 14 Desemba 1985 na fundi seremala, mtu mpole aliyekuwa akisema ameoa mke na kinamasi kwa mahari moja, na mwaka 1988 wakajaliwa binti, huyu anayewasomea.

Mwaka 1996 kamati ya maendeleo iliamua kinamasi kikaushwe watu wapate mashamba, na mwenyekiti wa kamati alikuwa kaka mkubwa wa marehemu, mjomba wetu, ambaye tunamshukuru kwa kuketi hapa mbele. Marehemu alikwenda mkutanoni na bomba lenye mboji aliyoichota ardhini, akailaza mezani bila kuivunja, akawaonyesha kwa kidole, tabaka kwa tabaka, walipozaliwa wao, walipozaliwa babu zao, na mahali ambapo hapakuwa na ukoo wowote, akawaambia kwamba mboji ikikauka itadidimia, na ikishika moto hakuna wa kuuzima. Kaka yake alisubiri amalize, kisha akasema, "Mdogo wangu, watu hawali vyura." Ukumbi ulicheka, na mfereji ukachimbwa.

Misimu ya kwanza mavuno yalikuwa mazuri, hakuna haja ya kudanganya mbele ya jeneza, na wako waliompelekea mahindi mlangoni kwa kejeli, naye akayapika. Usiku na mchana hakuacha, mumewe alimchongea mbao, wakaziba mfereji wao wawili, na kila walipoziba mtu alizibua, hadi mbao zile zikaonekana kwenye banda la kuku la jirani. Mumewe alifariki tarehe 21 Juni 2004, akaendelea kuziba peke yake kwa magunia ya mchanga. Chuma chake kilianza kuchomoza, kikafika gotini, kikafika kiunoni, si kwamba chuma kilikua, ardhi ndiyo iliyokuwa inashuka, na mwaka jana mkulima mmoja alitundika koti lake juu yake. Visima vilipokauka watu walimjia kuuliza maji yamekwenda wapi, akawajibu, wakaondoka wakisema ana kiburi cha wasomi. Sikio la kufa halisikii dawa.

Agosti 2019 mtu alichoma mabua shambani, moto ukazama ardhini, ukala mboji chini kwa chini bila mwali, na moshi ukakaa kwenye nyumba zetu hadi mvua za mwaka uliofuata. Mchuma janga hula na wa kwao, lakini mara nyingine wa kwao ndio hula zaidi, kwa sababu marehemu, aliyekuwa amestaafu tangu 2015, ndiye aliyezunguka na ndoo akimwagilia nyufa zinazofuka. Kifua kilianza Februari 2020. Daktari alimuuliza kama anavuta sigara, naye akajibu, "Sivuti sigara, daktari. Navuta kinamasi." Kaka yake alimtembelea wodini na machungwa, akamenya moja akampa, wakazungumza habari za wajukuu, la mfereji hakuna aliyelitaja. Alifariki tarehe 3 Machi 2022, saa kumi alfajiri, akiwa ameacha ombi moja tu, azikwe pale pale mama yake aliposhindikana kuzikwa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompa pumzi alipokosa yake, inawashukuru wafanyakazi wenzake kwa shada la maua na kwa kukitunza chumba chake, ambacho tumeambiwa sasa ni sehemu ya stoo, na inawashukuru sana majirani waliokuja jana na majembe yao, majembe tunayoyafahamu, wakachimba kaburi kando ya kinamasi. Tulilikagua asubuhi hii. Mmoja wao, kwa nia njema kabisa, alitutuliza akisema tusiwe na wasiwasi, kaburi ni zuri, limelala wazi usiku kucha na ni kavu hadi chini.

Mama, kinamasi kimekukubali. Pumzika kwa amani, ukiweza.