Mengine Yako kwa Bimdogo

Sogeeni karibu wanangu, na wewe Josia zima hiyo simu, maana ninayoyasema leo sitayarudia. Jenifer, acha kulia kabla sijafa, unanipotezea maneno. Bujiku baba, kaa hapa hapa kitandani, upande wa sikio langu zima, niisikie hiyo saa yako.

Nianze na hiyo saa. Bujiku aliporudi Kasoli kutoka kupasuliwa moyo, na kile kifaa walichomwekea kinagonga ka-ka-ka kifuani, kila jirani alikuja kumwona, mkono mmoja kuku, mkono wa pili habari za maiti: fulani naye alipasuliwa, akakaa wiki tatu, akaenda. Nyie mkawapa chai. Jenifer ukawa unaongea na mdogo wako kwa sauti ya matangani. Josia ukahamishia ng'ombe wake kwako Mkula, eti apumzike. Mtu anayetazama zizi lake tupu kupitia dirisha atapumzika nini? Ndipo akawa halali, anasikiliza saa isije ikasimama, na akikohoa anaukumbatia ule mto niliomshonea kwa pamba ya shamba letu, utadhani kifua kitafunguka kama mlango. Daktari alisema atembee kila siku, kidogo kidogo. Siku kumi na mbili hakuvuka kizingiti, mwanaume aliyekuwa akiangusha dume kwa kulishika pembe.

Mimi shule niliikimbia darasa la tatu, lakini mwanangu namjua: anajifanya hapendi umbea, kumbe masikio yanamsimama kama ya punda. Usicheke Bujiku, utaumia. Nikakaa mlangoni nikaanza kumsimulia jirani yetu Mhoja alivyopaka mvi zake rangi nyeusi akaenda kuposa, na nilipofika pale mvua ilipomkuta njiani, nikashika fimbo yangu nikasema mengine yako kisimani. Akanung'unika, "Mayu, mama yangu, umeanza mambo yako," huku anatafuta ndala. Tukaenda, mimi na miguu yangu iliyovimba, yeye na mkono kifuani, sijui nani alikuwa anamshika nani. Kesho yake kisa kiliishia kwenye mashine ya kusaga, wiki iliyofuata kwenye ghala la pamba, na ule mkono ulikuwa umeshuka wenyewe, hana habari. Mengine nilikuwa natunga, Mungu anisamehe, na Mhoja naye anisamehe, hakuposa mara nne.

Sasa miguu yangu imegoma, leo siku ya nne, na siku hizo zote nne Bujiku naye hajatoka nje. Hilo ndilo linalonisumbua, kufa hakunisumbui.

Kwa hiyo shikeni. Josia, kesho asubuhi ng'ombe wa mdogo wako warudi zizini, wote kumi na mmoja, na yule mwekundu aliyezalia kwako aje na ndama wake. Ndoo Bujiku asibebe, jembe asishike mpaka daktari aruhusu, lakini kuwaita ng'ombe wake kwa majina hakuna daktari aliyekataza. Jenifer, vitenge vyangu ni vyako, na ile sauti ya matangani niachie mimi nizikwe nayo. Lukresia mkamwana wangu, nyumba hii ni yako na mumeo. Ulimkumbusha vidonge kila jioni na ukaendelea kumtania kama zamani, wengine wote walipokuwa wanaona kidonda tu. Mgeni akija na habari za maiti, mrudishieni kuku wake. Mmoja wenu atembee na Bujiku kila asubuhi, na asiende hivi hivi, aende na kisa. Siku ya kunizika afike kaburini kwa miguu yake. Taratibu, mimi sitakuwa na haraka.

Limebaki la Bimdogo, mwenye duka kule barabarani, ukishalipita ghala la pamba, ambako Bujiku hajafika bado. Miaka kumi na tisa hatujasalimiana mimi naye, na sababu mmeniuliza mpaka mkachoka. Juzi nilimwita kwa siri, akaja. Tulilia, tukacheka, akanikanda miguu. Atamweleza Bujiku peke yake, tena akifika kwa miguu; akija na bodaboda, nimemwambia afunge duka.

Mungu awape usingizi mzuri... awape uzee wenye watu wa kucheka nao. Na hiyo saa, baba, igonge mpaka wajukuu zako wachoke kuisikia.

Maji kidogo, Lukresia. Basi, inatosha.

Bujiku, sogeza sikio. Siku ya harusi ya Jenifer... Bimdogo aliingia uani na sufuria kubwa, amelifunika kwa kanga, watu wote wanamtazama. Nikamwambia, tua hapo shoga yangu. Wakwe wako pale, wamekaa... nikashika ile kanga, nikafunua... na ndani yake, Bujiku, ndani yake...

Hapana. Pumzi imeniishia. Tafuta ndala zako, baba. Mengine yako kwa Bimdogo.